Akbar: Mfalme Asiyejua Kusoma Aliyewakalisha Masheikh, Mapadri na Mapandit Kwa Mkeka Mmoja

Chora hii picha kwa akili. Mwaka ni 1580. Kule Ufaransa hata miaka kumi haijaisha tangu Wakatoliki wa Paris wawageukie majirani wao Waprotestanti na kuwaua kwa maelfu. Kule Goa, Wareno wako na mahakama ya kanisa ambayo kazi yake ni kunusa nani anaomba vibaya. (Ndio, ni Wareno hao hao walioanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa 1593.) Halafu kaskazini mwa India, ndani ya mji wa mawe mekundu unaoitwa Fatehpur Sikri, kuna mfalme Mwislamu wa miaka 37 ameketi usiku anaskiza padri Mkatoliki akivutana na masheikh. Mapandit wa Kihindu nao wanaingia pale kupeana maoni yao. Wasee wanarushiana maneno mazito kabisa kuhusu Mungu, na hakuna mtu anakatwa kichwa.

Huyo mfalme anaitwa Jalaluddin Muhammad Akbar, wa tatu katika ukoo wa Mughal. Kama uliwahi kuona ile muvi ya Jodhaa Akbar ya 2008, Hrithik Roshan akiwa na upanga na masharubu, basi ushamwona akiwa amepigwa pasi. Akbar wa ukweli alikuwa na mikunjo mingi sana, na mingine iko na damu. Nakupatia stori yote, ile tamu na ile chungu, ndio usije ukadhani huyu alikuwa malaika.

Na kabla hatujaenda mbali, tusichanganye maneno venye tunachanganyaga mtaani. Mhindi ni mtu wa India. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Akbar alitawala Wahindi, wengi wao wakiwa Wahindu, lakini yeye mwenyewe hakuwa Mhindu. Ukishika hapo, stori yote itakuingia.

Buda yake alikuwa Humayun, na wakati Akbar anazaliwa, Humayun alikuwa mfalme wa jina tu. Msee anaitwa Sher Shah alikuwa amemchapa vitani mara mbili, 1539 na 1540, akamtoa kwa kiti, na sasa Humayun alikuwa anahepa jangwani Sindh na bibi mjamzito. Wenye wangemsaidia walikuwa wamemlenga. Aliyemfungulia mlango ni rana wa mji mdogo wa Umarkot, Mhindu. Ni kwa boma la huyo Mhindu, tarehe 15 Oktoba 1542, ndio Akbar alizaliwa. Mimi sisemi hio ndio ilimfanya awe venye alikuwa, kwa sababu mtoi wa siku moja hajui chochote. Lakini ni mwanzo wa ajabu kwa mtu wa stori kama hii.

Wazazi walipoendelea kutoroka hadi Uajemi, mtoto alibaki nyuma na ma-uncle zake. Hao ma-uncle walikuwa maadui wa buda yake. Humayun aliporudi na jeshi kuzingira Kabul, inasimuliwa kuwa uncle Kamran alimchukua huyo mtoto akamweka juu ya ukuta, mbele ya mizinga ya baba yake mwenyewe. Kukulia kwa familia kama hio kunakufunza mapema kwamba damu moja na dini moja hazizuii mtu kukuua.

Shule ilimshinda. Waliletwa walimu kadhaa, mmoja baada ya mwingine, na chali alipenda njiwa, farasi, ndovu na kuwinda. Hakuwahi kujua kusoma. Wanahistoria wengine wanahisi alikuwa na ile hali ya ubongo inayofanya herufi zirukeruke machoni. Mimi mwenyewe chuo niliachia njiani, kwa hivyo hii part huwa nairudia nikitabasamu: huyu msee asiyejua kusoma alikuja kuwa na maktaba ya vitabu karibu 24,000, na kila siku alikuwa na mtu wa kumsomea. Alichoskia hakikutoka kichwani.

Januari 1556, Humayun, ambaye alikuwa amerudishiwa kiti miezi michache tu, aliteleza kwa ngazi za maktaba yake Delhi akadedi. Akbar alikuwa na miaka 13. Aliyeendesha mambo kwa niaba yake ni jenerali Bairam Khan, na Novemba mwaka huo huo wakashinda vita vya Panipat. Kufika 1560 Akbar alikuwa amemstaafisha Bairam. 1562, mtoto wa mlezi wake, Adham Khan, alimuua waziri mkuu ndani ya palace. Akbar akatoka chumbani, akamzaba ngumi, akaamuru arushwe chini kutoka roshani. Hakufa mara ya kwanza, wakamrudisha juu wakamrusha tena. Alikuwa na miaka 19. Baada ya hapo hakuna mtu alimletea kiherehere.

Sasa weka macho hapa, maana hapa ndio kwenye siasa. Ukoo wa Mughal ulikuwa wageni kutoka Asia ya Kati, Waislamu, wameketi juu ya nchi ambayo raia wengi ni Wahindu. Na ma-jenerali wake wa damu ya Asia ya Kati walikuwa wasumbufu ajabu, kila mwaka kuna mmoja ameasi. Akbar akapiga hesabu. Akaanza kutafuta mabeshte wapya kwa Warajput, koo za kifalme za Kihindu zenye mashujaa wa kuogopwa. 1562 akaoa binti ya Raja Bharmal wa Amber. Kuoa peke yake haikuwa kitu kipya, wafalme wengine Waislamu walikuwa wameoa mabinti wa marajput kabla yake. Kipya ni kwamba mwanamke hakulazimishwa kuacha dini yake, alifanya ibada zake ndani ya palace. Na ndugu zake hawakuachwa nje ya geti kama mashemeji maskini. Walipewa vyeo, jeshi na majimbo. Man Singh, mjukuu wa Bharmal, alikuja kuwa mmoja wa majenerali wakubwa kabisa wa dola.

1563 akiwa anawinda karibu na Mathura, mji mtakatifu wa Wahindu, akaskia kwamba mahujaji wanatozwa kodi ndio waende kuomba. Akaifuta, nchi yote. Mwaka uliofuata, 1564, akagusa kitu kikubwa zaidi, nayo ni jizya.

Jizya ilikuwa kodi ya kichwa ambayo mtu asiye Mwislamu alilipa kwa dola ya Kiislamu, ili alindwe na asiitwe jeshini. Wasomi wengi wa wakati huo waliona ni sheria ya Mungu kabisa. Kwa mkulima Mhindu ilikuwa inauma mara mbili, mfukoni na kwa heshima, kwa sababu kila ukilipa unakumbushwa wewe ni raia wa daraja la pili. Pia ilileta ganji ya maana kwa hazina. Akbar akaifuta akiwa na miaka 21, washauri wake wakubwa wakinung'unika. Na akili yake ilikuwa wazi: kama Warajput wanakufa vitani kwa ajili yangu, ile hoja ya kuwatoza kwa sababu hawapigani imetoka wapi?

Ungependa niishie hapo, si ndio? Pole, kuna Chittor.

Chittor ilikuwa ngome juu ya mlima, fahari ya Warajput wa Mewar, waliokataa kuinama kwa Mughal. Oktoba 1567 Akbar akaizingira. Ilichukua miezi minne. Baruti aliyotega chini ya ukuta ililipuka vibaya ikaua karibu watu 200 wa jeshi lake mwenyewe. Usiku mmoja wa Februari 1568, Akbar akaona kamanda akikagua ukuta kwa mwanga wa mienge, akamlenga na bunduki yake aliyoipenda, akamwangusha. Alikuwa Jaimal, kiongozi wa ulinzi. Muda si mrefu moshi ukaanza kupaa ndani ya ngome. Wanawake wa Chittor walikuwa wanaingia motoni wenyewe, ndio wasitekwe. Asubuhi wanaume wakatoka kufa.

Halafu ikaja ile sehemu muvi hazipendi. Ndani ya ngome kulikuwa na wakulima walioingia kujificha na kusaidia ulinzi. Akbar akaamuru wauawe. Hesabu iliyoandikwa na mwanahistoria wake mwenyewe ni kama 30,000. Tena akatuma barua ya ushindi akijisifu kama shujaa wa dini aliyewaponda makafiri. Huyu ni msee yule yule aliyefuta jizya miaka minne kabla. Ukiniuliza, hakukuwa na Akbar wawili. Kwake wakati ule, ukiwa upande wake dini yako ni shughuli yako, ukimkatalia, basi dini inakuwa rungu la kukupigia.

Kilichombadilisha baada ya hapo kilikuja polepole. Alikuwa anapenda sana masufi wa Chishti, wale wanaimba na kuongea kuhusu mapenzi ya Mungu bila kuchunga nani ni nani mlangoni. Alikuwa amekosa mtoto wa kiume anayeishi, akaenda kwa mzee Salim Chishti kijijini Sikri, na 1569 akapata mtoto, akamwita Salim. Kwa kushukuru alitembea kwa mguu kutoka Agra hadi kaburi la Ajmer, zaidi ya kilomita 300. Mfalme, kwa mguu, ndovu wote wako. Halafu kuanzia 1571 akajenga mji mzima pale Sikri.

Huko ndiko 1575 alifungua Nyumba ya Ibada. Kila Alhamisi jioni, kuamkia Ijumaa, wasomi wanakuja kubonga mambo ya dini, mfalme anaskiza mpaka usiku mnene. Mwanzoni waliitwa Waislamu pekee. Na unajua vita ya kwanza ilikuwa ya nini? Viti. Nani anakaa wapi karibu na nani. Ikabidi Akbar agawanye nyumba pande nne, kila kundi na upande wake, kama watoi wa nursery. Wakaketi, wakaanza kuitana wapotofu na wajinga. Kitu huyu anaita halali, yule anaapa ni haramu. Mmoja wa vigogo, mwenye cheo cha Makhdum-ul-Mulk, ilijulikana alikuwa na mbinu ya kukwepa zaka: mwaka ukikaribia kuisha anahamisha mali yote kwa jina la bibi, mwaka mpya ukianza anarudishiwa. Alipofariki baadaye, inasemekana matofali ya dhahabu yalipatikana yamezikwa kwa makaburi ya familia yake.

Akbar alikuja kutafuta ukweli, akapata drama. Kwa hivyo akapanua mlango. Wakaingia Washia, Wahindu, Wajaini ambao hawaui hata mdudu, Waparsi wanaoheshimu moto, na akatuma barua Goa akiomba mapadri.

Kabla mapadri hawajafika, kulitokea kesi ambayo kwa maoni yangu ndio ilivunja kikombe. Mathura, kadhi alikuwa ameweka vifaa vya kujenga msikiti. Brahmani mmoja tajiri akavichukua akajengea hekalu, na alipoulizwa akashtakiwa kwamba alimtukana Mtume. Kesi ikafika kwa Sheikh Abd un-Nabi, mkuu wa mambo ya dini wa dola nzima, mtu ambaye Akbar akiwa kijana inasemekana alikuwa anampangia viatu. Wengine walisema mtu huyo afungwe na atozwe faini, wengine wakasema auawe. Wake wa Kihindu wa mfalme walimtetea. Sheikh akataka ruhusa ya kuua, Akbar akawa anamjibu nusunusu, akimwachia mzigo. Sheikh akamuua Brahmani.

Mfalme aliwaka. Hapo ndio alielewa kwamba unaeza futa kodi zote unazotaka, lakini kama kuna mtu mwingine mwenye uwezo wa kuamua nani afe kwa ajili ya imani, wewe si mfalme. Septemba 1579 akatoa hati, imesainiwa na wasomi wakubwa pamoja na huyo sheikh mwenyewe (wengine mkono ukitetemeka, unaeza kisia), ikisema wanazuoni wakitofautiana, neno la mwisho ni la mfalme. Abd un-Nabi na Makhdum-ul-Mulk wakapelekwa Makka, hija ya kulazimishwa.

Mapadri wa Kijesuiti walifika mapema 1580, wakiongozwa na Muitaliano kijana, Rodolfo Acquaviva. Walimletea Akbar Biblia kubwa ya juzuu nyingi, akazibusu na kuziweka juu ya kichwa. Mapadri wakaona kazi imeisha, India nzima inabatizwa. Walichoelewa polepole ni kwamba huyu bwana anaskiza kila mtu hivyo hivyo. Na ile sheria ya bibi mmoja hakuna venye ingemwingia. Kwa mijadala waliongea vibaya kuhusu Uislamu ndani ya nyumba ya mfalme Mwislamu, wakaambiwa tu wapunguze makali. Acquaviva alirudi Goa 1583, na mwaka huo huo akauawa karibu na hapo, kijiji cha Cuncolim, na wanakijiji waliokuwa na hasira kwa sababu Wareno walibomoa mahekalu yao. Miaka mitatu kwa Mwislamu hakuguswa.

Usidhani mlango wazi ulikuwa bure. 1580 Bengal na Bihar ziliasi. Kulikuwa na mambo ya mishahara na ardhi ndani yake, lakini kadhi wa Jaunpur akatoa fatwa kwamba kumpinga mfalme huyu ni halali, na waasi wakamtaka kaka yake wa Kabul, Mirza Hakim, achukue kiti. Akbar aliponea. Alienda na jeshi hadi Kabul 1581, akamaliza hio maneno. Yule kadhi wa Jaunpur aliitwa Agra, akapandishwa mashua, na mashua ikazama. Unaelewa. Abd un-Nabi naye alirudi kutoka Makka akafia kifungoni. Mfalme wa uvumilivu hakuwa na uvumilivu kwa waliotaka kumtoa.

1582 akaanzisha duara lake la wafuasi wa karibu, ambalo watu baadaye waliliita Din-i Ilahi. Wengi husema alitunga dini mpya, lakini walioingia wakajulikana kwa majina hawafiki hata ishirini. Mhindu wa maana ndani yake alikuwa mmoja, Birbal, yule beshte wake wa vichekesho. Na skiza hii: alimwalika Man Singh. Man Singh akamwambia mfalme usoni kwamba yeye ni Mhindu, akiamriwa awe Mwislamu atafikiria, lakini njia nyingine haijui. Yaani mfanyakazi amekataa mwaliko wa mdosi mbele ya watu. Akbar alifanya nini? Hakufanya kitu. Man Singh aliendelea kupandishwa cheo hadi mwisho. Mimi naona hio ndio siku hio siasa yake ilipimwa kwa mizani, kuliko usiku wote wa mijadala.

Falsafa yenyewe waliiita sulh-i kul, amani na wote, na mwandishi wake alikuwa Abul Fazl, msomi Mwislamu aliyekuwa karibu na mfalme kuliko wote. Ilikuwa na kazi za mikono, si maneno tu. Akbar aliajiri watu kutafsiri Mahabharata na Ramayana kwa Kiajemi ndio Waislamu wa serikali wajue majirani wao wanaamini nini. Mmoja wa waliopewa hio kazi ni Badauni, Mwislamu wa msimamo mkali, aliyeichukia vibaya. Mchana anatafsiri, usiku anaandika kitabu cha siri akimponda mfalme. Kilitokea baada ya Akbar kufa, na mengi ya haya mambo tunayajua kwa sababu ya huyo hater. Pia Akbar aliruhusu Mhindu aliyesilimishwa kwa nguvu arudi kwa dini yake. Alipinga wajane kuchomwa na maiti za waume zao: 1583 alipanda farasi mwenyewe akakimbia kumwokoa mjane mmoja wa Kirajput aliyekuwa analazimishwa na mtoto wake wa kumzaa.

Miaka ya mwisho ilikuwa ngumu. Birbal aliuawa 1586 vitani kwenye milima ya Wapashtuni, mfalme akakataa kula. Watoto wawili, Murad na Daniyal, pombe iliwamaliza. Salim, yule wa maombi ya Sikri, aliasi, na 1602 akapanga Abul Fazl auawe njiani. Kichwa kikapelekwa kwa Salim. Oktoba 1605 Akbar akafariki Agra, na Salim huyo huyo akarithi kiti kwa jina la Jahangir. Kaburi lake liko Sikandra, nje kidogo ya Agra.

Jizya ilikaa imefutwa zaidi ya miaka mia. 1679, mjukuu wa huyo Salim, Aurangzeb, akairudisha. Wahindu wa Delhi wakajaa barabarani mbele ya ngome wakiomba isirudi, na ndovu wakaletwa kuwapitia juu. Miaka kadhaa baadaye wakulima wa Kijat karibu na Agra, Wahindu, wakaasi. Walipotaka kumuumiza Aurangzeb, waliona kaburi la babu yake wa kale liko karibu. Wakavamia Sikandra, wakabeba dhahabu na mazulia, na inasemekana walitoa mifupa ya Akbar kaburini wakaichoma moto.